Mtoto wa Gari la Daktari Martina

Vijana wangu, mmekuwa mkinisimamisha njiani hapa Endasak na kunionyesha kwenye simu yale masanduku ya kuvuta ambayo watu huweka nyuma ya magari ya porini. Unafungua mlango wa nyuma, unavuta, na vyombo vyote vinatoka vimejipanga kama wanafunzi mstarini. Mnaniuliza, "Babu, hili unaliweza?" Naliweza. Nimelitengeneza. Kabla hamjanunua hata ubao mmoja, kaeni chini niwaeleze, kwa maana sanduku hilo lilinipeleka mahali pengine kwa namna ambayo sidhani kama kuna seremala mwingine amewahi kusafiri.

Kwanza mjue neno. Ninyi mnasema droo. Sisi tuliofundishwa zamani tunasema mtoto wa meza, kwa sababu anakaa tumboni mwa meza na anatoka akivutwa. Kabati lina watoto, meza ina mtoto. Kwa hiyo likikaa kwenye gari, ni mtoto wa gari. Neno hilo halina kosa lolote, lakini mtaona lilivyotutesa.

Mwenye gari alikuwa Daktari Martina. Ni daktari wa mifugo wa kujitegemea, mwanamke mrefu kutoka upande wa Mbulu, mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe. Hata kanisani akisema "amina" watu wa mbele wanageuka. Alikuwa na Landkruza ya zamani, na nyuma ya hiyo Landkruza palikuwa na vurugu ambayo sijapata kuona. Kamba, mabomba ya sindano, jeki, sufuria, viazi, dawa za minyoo, yote lundo moja. Siku moja nilimwona akimzalisha ng'ombe wa jirani yangu akiwa amevaa buti moja la mpira na kandambili moja. Buti la pili lilikuwa chini kabisa ya lundo, na ndama hakuwa na subira.

Basi akaja kwenye karakana yangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, daktari. Wagonjwa hawajambo?"

"Ng'ombe hawajambo. Gari ndilo linaumwa. Nataka unitengenezee kitu hiki."

Akanionyesha simu. Mzungu mmoja yuko jangwani, anavuta sanduku kwa kidole kimoja. Ndani kuna kikaango, kuna kisu, kuna mayai. Mayai, vijana! Kila yai na kitanda chake.

"Mtoto wa gari," nikasema.

"Mtoto wa gari," akaitikia. "Na ajae gari, fundi. Kutoka ubavu huu mpaka ubavu huu. Usiniachie nafasi hata ya panya."

Sasa hapo ndipo penye somo. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Safari wa Gitting, amekwisha kufariki, mtu mfupi aliyekuwa akizungumza na mbao zaidi kuliko na wanafunzi. Alipokuwa akikagua mtoto wa meza, hakutumia futi. Alitoa punje ya hindi mfukoni akaipitisha kando ya sanduku, ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Ikipita, anaguna. Isipopita, anasema, "Hujatengeneza mtoto wa meza. Umejenga ukuta." Mbao inakunywa maji, vijana. Masika inanenepa, kiangazi inakonda. Ukimfanya mtoto wa kukaza wakati mbao imekonda, utakuja kumlilia ikinenepa.

Mimi nilijua hayo yote. Lakini mteja anataka nafasi ya panya isiwepo, na mimi nilikuwa nimeangalia ile video mara nyingi kuliko ilivyonifaa. Nikachagua mkaratusi, kwa sababu daktari alisema vitu vyake ni vizito, na mkaratusi hauogopi mzigo. Nikaulaza mwaka mzima juu ya jiko la mke wangu ukakauka hadi ukawa unalia ukigongwa. Garini, chini, nikaweka reli mbili za chuma cha engo, kile chenye kona. Juu ya nafasi yake nikafunika kwa ubao mpana wa kulazia magunia, nikaukaza kwa skrubu kotekote. Kwa vishikio, nilikuwa na vile vya majeneza, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwepo na hakuna kishikio chenye nguvu kama hicho. Kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mzima aliyekwisha kuacha kusaidia.

Mtaelewa sasa sanduku lilivyoonekana. Refu kama mtu, limepigwa vanishi, lina vishikio vya jeneza, na liko juani mbele ya karakana ya fundi ambaye wilaya nzima inajua ndiye anayewatengenezea wafu.

Mama Yosefa, jirani yangu, akapita akitoka mashine ya kusaga na ndoo ya unga kichwani. Mimi nilikuwa nimeingiza kichwa ndani ya sanduku, mdomoni nimebana skrubu.

"Fundi, nani tena?"

"Ni mtoto wa daktari," nikajibu kutoka ndani.

Nikasikia ndoo ikitua chini.

"Yesu wangu! Alikuwa anaumwa?"

Nikadhani anauliza habari za kazi. Watu wa hapa huwa wanauliza. "Hapana," nikamwambia. "Alikuwa anabana kidogo tu. Nimemkwangua mbavu, sasa ametulia."

"Na anaondoka lini?"

"Kesho asubuhi mama yake anakuja kumchukua."

Nilipotoa kichwa, Mama Yosefa alikuwa ameshafika kwenye kona akikimbia, ndoo ya unga ameiacha. Nikasema moyoni, huyu mama ana haraka leo. Nikaendelea na msasa wangu.

Daktari Martina hakuwepo nyumbani siku ile. Alikuwa Gitting akihangaika na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Alasiri alirudi, mikono yake ina damu mpaka kwenye viwiko, akakuta uwanja wake umejaa watu. Mabenchi ya kanisa yametolewa. Kuni zimefika, makande yako motoni kwenye sufuria kubwa ya kwaya, wanaume wamekaa upande wao wameinama. Akina mama walipomwona na ile damu, wakapandisha kilio.

Mwenyewe alinisimulia baadaye. Alidhani ni mama yake mzazi.

"Ni mama?" akauliza, amesimama katikati ya uwanja. "Niambieni. Ni mama?"

Mzee Bura, mzee wa kanisa letu, akamshika bega. "Si mama, mwanangu. Ni mtoto."

Daktari ana mtoto mmoja tu, Emanueli, yuko bwenini Dodoma.  Akaketi pale pale vumbini, akatoa simu kwa ile mikono ya damu, akampigia mwalimu wa mtoto, akabonyeza sauti ya nje kwa sababu vidole vilikuwa vinateleza. Mwalimu anashangaa, anasema mbona Emanueli yuko uwanjani anacheza mpira, ngojeni nimwite. Watu wote wakaisogelea simu. Hata kuni ziliacha kulia. Kisha ikasikika sauti ya mtoto anayehema.

"Shikamoo, mama."

Mama Yosefa alipiga ukelele, akaruka sufuria ya makande na kupotelea mgombani. Kwaya ikatawanyika nyuma yake. Daktari analia, anacheka, anauliza, "Umekula, baba? Umekula?" na mtoto anajibu kwamba amekula lakini hakushiba, na kwa nini mama analia.

Baada ya hapo walikuja karakanani kwangu, msiba mzima, wamefuatana. Mimi nilikuwa natia vanishi mara ya pili. Nilipoinua macho, nikaona daktari mbele, Mzee Bura, akina mama na kanga zao za msiba, wanaume na kofia mkononi.

"Fundi," daktari akasema kwa ile sauti yake, "ndiye huyu marehemu?"

Nikachovya brashi tena, kwa kuwa sikujua tumefikia wapi katika mazungumzo. Walipokwisha kunieleza, nilitamani kuingia ndani ya lile sanduku na kujifungia. Lakini watu wa huku si wakali. Mtu mmoja alianza kucheka, mwingine akafuata, mpaka daktari naye akaegemea ukuta. Mzee Bura akasema kwamba kwa vile tumeshakusanyika, na makande yameiva, na yeye alikuwa amejiandaa kwa sala ndefu, si vizuri kuipoteza. Akaliombea gari. Akaombea barabara za Mbulu na Hanang, moja moja kwa majina. Kisha tukaenda kula.

Sasa nirudi kwenye kazi. Kesho yake tulipomwingiza garini, mtoto alikuwa bado amekaza. Punje ya hindi haikupita. Nilijaribu na ulezi, nao kwa shida. Mzee Safari alikuwa akipaka mishumaa, na nawaambia, mshumaa ndio dawa: unasugua kavu kavu kwenye mbao na kwenye reli, mtoto anateleza na vumbi halishiki. Lakini mshumaa nyumbani haukuwepo, na daktari alishafika na safari yake. Mke wangu alikuwa na kopo la mafuta ya mkia wa kondoo, anayotunza kwa ajili ya kifua cha wajukuu. Nikapaka. Nikapaka kwa ukarimu.

Ah! Akateleza, vijana. Daktari alimvuta kwa kidole kimoja, kama yule mzungu. Akamrudisha. Akamvuta tena. Akacheka kama msichana. Tukapanga vyombo vyote: kila kimoja nilikikatia kitanda chake katika godoro la zamani. Bisibisi na kitanda chake, mtaimbo na kitanda chake, shoka na kitanda chake. Mwisho kabisa kule ndani, mbali na jua la dirishani, tukaweka sanduku la baridi lenye chanjo na barafu.

"Fundi, unapanda," akasema.

"Mimi? Wapi?"

"Yaeda Chini. Mtoto akisumbua njiani, baba yake awepo."

Tukaondoka Endasak, na mbwa wakaondoka na sisi. Sikuwa nimefikiria habari ya mbwa. Harufu ya mkia wa kondoo ilitangulia gari na ikabaki nyuma ya gari, na kila nyumba tuliyoipita ilitoa mbwa wake. Nilipotazama kwenye kioo nikaona kundi linatufuata, wakubwa kwa wadogo, mmoja ana kamba shingoni na kigingi kinaruka nyuma yake. Bodaboda walikuwa wanasimama pembeni kutupisha. Wengine walichoka, lakini kila kijiji kilitupa wapya.

Tukapita Basotu, tukafika Haydom, tukaanza kuteremka bondeni. Kule barabara ni ya kubahatisha. Vumbi lake ni laini kama unga wa muhogo, linaingia hata pale ambapo hewa haiingii. Raba ya mlango wa nyuma ilikuwa imekwisha zamani, kwa hiyo likaingia lote, likakaa juu ya mafuta yangu. Kisha tukavuka korongo lenye maji, nayo maji yakaingia, mkaratusi wangu uliokauka mwaka mzima ukanywa kama ngamia. Kisha jua. Mafuta, vumbi, maji, jua: hivyo ndivyo unavyochoma tofali.

Tulipofika, Mzee Gidamis alikuwa anatungoja. Ni mfugaji mkubwa wa bonde lile, mtu mzima kuliko mimi, amejifunga shuka jeusi, fimbo begani. Nikamwamkia, akaniitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye gari. Ng'ombe zake na za ndugu zake zilikuwa zimekusanywa uwandani tangu alfajiri, vijana wamezizunguka. Ng'ambo ya bonde, kwenye boma la shemeji yake, ng'ombe walikuwa wameanza kukohoa. Ilikuwa homa ya mapafu, na kila mtu pale alijua maana yake. Mtu anaamka na ng'ombe, analala na ngozi.

"Daktari," Gidamis akasema, "ng'ombe hawajanywa maji. Jua likifika juu, nitawaachia waende. Wakishatawanyika, sijui kama nitawapata tena wote."

"Tunaanza sasa hivi, mzee," daktari akasema. Akafungua mlango wa nyuma, akatia kidole kwenye kishikio, akavuta.

Akatia vidole vyote. Akatia mikono miwili. Akaweka mguu kwenye bampa.

"Fundi," akaniita, bila kugeuka.

Nikavuta mimi. Wakavuta vijana wa Gidamis, mmoja, wawili, kisha mnyororo wa watu wameshikana viuno kama wanacheza. Gari likanesa, mtoto akatulia. Nikasema hakuna shida, tunafungua ubao wa juu, ni skrubu tu. Nikanyoosha mkono nikasema, "Nipeni bisibisi."

Daktari akanitazama. Bisibisi ilikuwa kitandani mwake, ndani ya mtoto. Mtaimbo kitandani mwake. Shoka kitandani mwake. Sijawahi kuona vyombo vilivyotunzwa vizuri namna ile.

Gidamis alikuwa na shoka lake mwenyewe, akalitoa. Daktari akasimama mbele ya mlango na kutanua mikono. "Hapana, mzee! Kuna chupa chini. Ukipiga hapa, umezipiga ng'ombe zako kichwani." Akagusa pembeni ya gari, akaondoa mkono haraka kwa joto. "Barafu ikiisha, chanjo inakufa. Nitakuwa nawachoma maji."

Hapo hakucheka mtu. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa ameketi kando alisema jambo kwa lugha yao, kwa upole, na wote wakanitazama mimi. Sikuomba tafsiri.

Ndipo Gidamis akaagiza maksai wa kulimia. Wakaletwa wanne, wamefungwa nira, na mnyororo wa plau ukafungwa kwenye vile vishikio vyangu. Kijana akapiga mluzi. Maksai wakavuta. Na lo, kazi ikaenda vizuri sana, ila tu kilichotoka hakikuwa mtoto, lilikuwa gari. Breki ya mkono ya ile Landkruza ilikuwa pambo. Gari likaondoka kinyumenyume, taratibu, kwa heshima, likielekea nyumbani kwa maksai, na daktari anakimbia kando akijaribu kuingia mlangoni.

Tukalisimamisha. Tukalirudisha. Tukalifunga kwa kamba nene kwenye mgunga mmoja mnene, mbele. Wakavuta tena. Safari hii kitu kikalia kama ndama, mtoto akatoka nusu. Kisha akakwama tena. Na sanduku la baridi, mnakumbuka tuliliweka wapi? Mwisho kabisa kule ndani, na bisibisi kando yake.

Niliangalia jua. Niliangalia wale ng'ombe, ambao wengine walishaanza kuondoka kidogo kidogo wakinusa upande wa maji, vijana wakiwarudisha kwa shida. Nikaona hakuna njia nyingine. Nikapanda ndani ya ile nusu iliyotoka, nikaketi nikielekea gari, nikapitisha miguu nje pande zote mbili nikaikaza kwenye bampa.

"Nikisema twende," nikawaambia, "wao wavute, mimi nisukume."

"Fundi, utaumia," daktari akasema.

"Nimemtengeneza mwenyewe," nikajibu. Sijui lile lilikuwa jibu la swali gani.

Nikasema twende.

Mtoto alitoka kama kizibo. Tulianguka chini kwa kishindo, mimi na sanduku na vyombo vyote, na kile kishindo kikawatia maksai hofu. Tena mbwa wa Gidamis, ambao walikuwa wametunyemelea kwa heshima muda wote ule, sasa waliona mkia wa kondoo umetoka nje mzima, na wakaufuata kwa pamoja wakibweka. Maksai wakakata shauri la kuondoka.

Nilisafiri kinyumenyume, vijana. Sikuona nakwenda wapi. Niliona tu natoka wapi. Nilimwona daktari akiwa mkubwa, kisha wa kadiri, kisha mdogo. Nilimwona Gidamis ameinua fimbo kama anayeaga. Mbwa walikuwa karibu nami kiasi kwamba tulitazamana. Niliwapigia maksai kelele wasimame, kwa Kiiraqw, kwa Kiswahili, hata kwa kile Kiingereza cha kwenye video, lakini walikuwa maksai wa Kimang'ati na hawakuona sababu ya kujifunza lugha nyingine siku ile. Nikalikumbatia sanduku la baridi kwa mikono na miguu. Nikifika nalo zima, nilijiambia, na mimi nikafika vipande, bado watasema fundi alikuwa mtu.

Sasa lile kundi la ng'ombe, lilipoona maksai wanne wanakuja mbio na mnyororo na sanduku na mtu na mbwa, lilifanya ambalo ungefanya hata wewe. Likakimbilia nyumbani. Lote. Likaingia bomani kwa lango moja, na maksai wakaingia nyuma yake. Sanduku likafika langoni likiwa limeyumba upande, likagonga nguzo mbili za mgunga, likasimama. Mnyororo ukakatika. Vumbi likatua. Nilikuwa nimekaa katikati ya lango, wima, nimekumbatia chanjo, na nyuma yangu kundi zima la ng'ombe limefungiwa ndani.

Daktari alifika anahema, hata hakunitazama usoni. Alifungua sanduku la baridi, akatia mkono.

"Zima!" akapiga kelele. "Zote zima! Na barafu bado ipo!"

Godoro, vijana. Lile godoro la zamani ndilo lililookoa chupa. Msidharau kuweka kitu laini.

Nikaanza kuinuka. "Fundi, usiinuke!" akasema. "Kaa hapo hapo. Wewe ndiye uzito."

Kwani aliona ambalo sisi hatukuliona. Kati ya sanduku na nguzo ya kushoto paliweza kufunguliwa upenyo wa ng'ombe mmoja. Vijana wawili wakishika kishikio na kuvuta kidogo, ng'ombe mmoja anapita. Wakisukuma, lango limefungwa. Kwa kawaida kazi ya kuwakamata ng'ombe, kuwaangusha na kuwachoma huchukua kutwa na mbavu za watu. Siku ile walitoka mmoja mmoja kama waumini mlangoni mwa kanisa, na daktari amesimama pale, kila anayetoka anapata sindano yake. Mimi nimekaa ndani, wanapita karibu yangu. Wengi walinilamba. Wapo walionilamba na kurudi nyuma ili wanilambe tena, na vijana wakawa wanawaharakisha.

Tulimaliza mapema, ng'ombe wakaenda majini. Na kabla hamjaniuliza: homa ilipita katika bonde lile, ikawachukua wengi ng'ambo, lakini za Gidamis na ndugu zake zilibaki. Gidamis mwenyewe alituma salamu, na mtu wa kuzileta alitembea siku nzima.

Lakini siku ile tulipotaka kulipakia sanduku letu, Gidamis alilikalia.

"Hili lango ni langu," akasema.

"Mzee, hilo ni la gari langu," daktari akasema.

"Gari lako lilimkatalia. Sisi tukamvuta. Kisha akaja mwenyewe mpaka langoni kwangu, na mtu ndani. Aliyekuja langoni kwa mtu ni mgeni, daktari. Mgeni nitamfukuzaje?"

Daktari akanigeukia mimi. Nilikuwa nimelala chali chini ya kivuli cha gari kwa sababu ya mgongo, na mbwa wawili wamenilalia miguuni. Nikamwambia, mwache. Nitakutengenezea mwingine. Gidamis akampa mtamba mmoja mwekundu, wakapeana mikono, tukarudi Endasak na vyombo vyote lundo moja nyuma, kama zamani.

Nikatengeneza mwingine kweli. Punje ya hindi ilipita bila kuinama. Raba mpya mlangoni, mshumaa kwenye reli, komeo la chuma ili asijitokee mlimani, ubao wa juu wa kufunguka kwa mkono, na bisibisi moja nikaifunga chini ya kiti cha dereva, peke yake. Anafanya kazi mpaka leo. Hana cha kusimulia.

Yule wa Yaeda ndiye aliyezua mambo. Wafugaji walimwona, wakaanza kuja kwangu, wengine wanatembea kutoka mbali, wanataka lango la kuvuta kama la Gidamis. Mwanzoni nilikataa, kisha nikaona ni aibu kumrudisha mtu. Nikawatengenezea malango mazuri, ya bawaba, yenye kitasa, yasiyogusa chini. Hawakuyataka. "Huu ni mlango," walikuwa wananiambia, kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma fundi aliyezeeka.

Wa mwisho alikuwa shemeji yake Gidamis, yule wa ng'ambo aliyepoteza ng'ombe wengi na sasa alikuwa anaanza upya. Kwake sikutaka kukosea. Nikamfanyia sanduku lile lile, refu, la mkaratusi, na godoro ndani. Akalizunguka. Akapima urefu kwa fimbo. Akabonyeza godoro kwa kidole, akaridhika.

"Ni lenyewe," akasema. Kisha akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anayepima na mimi. "Tunaondoka lini?"

"Tunaondoka? Mimi sijiandai kwenda popote, mzee."

Akashangaa sana. Akaangalia lile sanduku tupu, akaniangalia mimi.

"Sasa," akauliza, "nani atakaa ndani?"

Na mkononi, vijana, alikuwa ameshaniletea shuka, jipya, ili jua lisiniunguze.